Kuukagua Upinde wa Wahadzabe

Anayenunua bastola siku hizi ana maswali yake: ina uzito gani, inabeba risasi ngapi, fremu yake ni ya chuma au ya plastiki ngumu, inakwama mara kwa mara au la. Silaha yoyote inastahili kuulizwa hivyo. Lakini upinde wa Wahadzabe, wawindaji wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, kuanzia Mkalama hadi Mbulu na Karatu, hauulizwi. Wengine huusifu kwa kuwa ni wa kale, wengine huudharau kwa sababu hiyohiyo, na ni wachache tu walioukagua. Nashikilia kwamba ukikaguliwa kwa ukali uleule, kama chombo cha kazi wala si pambo la kuwauzia watalii, utaonekana kuwa ufundi wa hali ya juu, kwa sifa moja ambayo muuza bastola hawezi kuitangaza: anayeutumia anaweza kuutengeneza upya karibu wote akiwa porini.

Tuanze na nguvu. Mwanaanthropolojia Frank Marlowe, aliyewatafiti Wahadzabe kwa miaka mingi, alikuta kwamba kuuvuta upinde wao wa kawaida kunataka nguvu ya takriban kilo 31. Wanaume wanaoshindana Olimpiki, wenye pinde za kiwandani, kwa kawaida huvuta pungufu ya kilo 25. Na huu ni ufito mmoja tu uliochongwa, hauna gundi wala pembe wala kiungo, na ugwe wake ni kano za mnyama mkubwa zilizosokotwa. Mshale ndio unaochukua muda. Ufito wake hupashwa moto juu ya makaa, ukilainika fundi anauma mahali palipopinda na kuunyoosha kwa meno, kisha anaufumbia jicho moja kuanzia mwisho hadi mwisho, anarudia tena mpaka aridhike. Chembe huwa ni msumari uliopatikana kwa majirani, ukagongwa hivihivi bila tanuri mpaka ukawa bapa lenye makali. Ndege hupigwa kwa mshale wa mti mtupu, kwani hakuna haja ya kuwapotezea chuma. Mnyama mkubwa hupigwa kwa chembe kilichopakwa sumu ya mimea. Upinde ni uleule, kazi inabadilishwa na mshale. Hapo ndipo naona akili ya mbunifu.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Upinde huu unamtaka mpigaji amsogelee mnyama karibu mno. Kwa mbali anabahatisha tu. Kano ikilowa hulegea, kwa hiyo mvua ni adui. Na haumfai mgeni: mikono ya kuuvuta hujengwa tangu utotoni, maana watoto wa kiume hupewa vijipinde wakiwa bado wadogo sana. Hapa atasema mtu: basi si afadhali bunduki? Kwa kuua wanyama wengi kwa siku moja, ndiyo, na sina ubishi. Lakini mwisho wa kiangazi, wawindaji wanapojificha usiku kando ya kidimbwi cha maji, mlio mmoja wa gobore hufukuza kila kilichokuwa njiani, ilhali mshale uliokosa huenda ukaacha nafasi ya mwingine. Tena gobore likiisha baruti ni gongo tu. Wapo pia wasemao kwamba sumu ndiyo inayoua, upinde unasingiziwa sifa. Hoja hii ingekuwa na uzito kama sumu ingefanya kazi juu ya ngozi. Lazima chembe kizame nyamani, na zile kilo 31 ndizo zinazokizamisha. Baada ya hapo kuna kufuata nyayo na matone ya damu kwa saa nyingi, kazi ambayo hakuna chombo kinachomfanyia mtu.

Kasoro inayonisumbua ni nyingine kabisa, na haimo katika uchongaji. Chombo hiki hakihitaji duka la vipuri, ila kinahitaji pori zima: miti ya ufito, mimea ya sumu, na wanyama wakubwa wa kutoa kano. Twiga na pofu waliochorwa kwenye miamba ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni wanyama walewale wa kutoa kano. Malisho na mashamba yakizidi kusogea, fundi atabaki na ujuzi wake bila malighafi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa sehemu ya ardhi yao, na kwa maoni yangu hati ile imeusaidia upinde kuliko maonyesho yote ya utamaduni. Wizara sasa ziko Dodoma, mwendo wa siku moja kwa gari kutoka Eyasi. Wanaokaa huko kupanga matumizi ya ardhi ya nyanda hizi waufikirie upinde huu kabla hawajaligawa pori linalobaki.