Ugonjwa Katika Utendi wa Mwana Kupona

Wasomaji wengi huupima Utendi wa Mwana Kupona (1858) kwa beti za utii wa mke, wakaupita upesi mwanzo wake. Hilo ni kosa. Mtunzi, mjane wa kisiwa cha Pate tangu 1856, ni mgonjwa; anamwita bintiye aje karibu na karatasi na wino. Wosia huu, basi, ni malezi yaliyoharakishwa. Shaaban Robert wa Tanga, aliyefiwa na mkewe Amina, naye aliwatungia wanawe Hati na Adili. Lakini yeye asema kama mzazi atakayebaki nao. Mwana Kupona asema kama anayeaga. Ndiyo sababu mafunzo yake hukaza, kisha yakaishia katika dua ndefu ya kuwaombea watoto na kuomba afya.