Mlango wa Joshua: Muthoni na Kanisa katika Njia Panda

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Njia Panda, aghalabu huhakikiwa kama hadithi ya mgongano wa tamaduni mbili. Uhakiki wa aina hiyo humfanya Muthoni kuwa mhanga tu, aliyesagwa baina ya Makuyu ya Wakristo na Kameno ya wenye mila. Sisi twamsoma vingine. Muthoni hakimbii kanisa. Anakwenda kwa shangazi yake Kameno akiwa Mkristo, na anakufa akiwa Mkristo, akimwambia Waiyaki kwamba amemwona Yesu. Anachotamani ni kanisa litakalompokea bila kumtaka kwanza aache kuwa mtu wa kwao.

Joshua anamjibuje? Anamtuma Nyambura akamrudishe. Muthoni akikataa, basi si binti yake tena. Mwandishi amemweka baba na mhubiri katika mtu mmoja, hivi kwamba kutengwa na ushirika na kufukuzwa nyumbani ni tendo moja. Habari za kifo zinapofika, Joshua hatikisiki. Miriamu, mkewe, ni Mkristo pia, lakini wa kunyamaza, na ukimya wake (jambo ambalo wahakiki hulipita haraka mno) ni mzito kuliko mahubiri yote ya mumewe. Kama lilikuwako kanisa la huruma pale Makuyu, lilikuwa kifuani mwake, na halikupewa mimbari.

Historia inaufanya ukimya huo uonekane wazi zaidi. Mwaka 1929 misheni kadhaa za Kiprotestanti katika nchi ya Wagĩkũyũ, ikiwemo ile ya Kanisa la Skotlandi, ziliwadai waumini na walimu waikane tohara ya wanawake kwa sahihi au alama ya kidole gumba. Kiapo hicho kiliitwa kirore, neno linalotokana na kidole. Wengi walikataa, wakatoka, wakajenga shule na makanisa ya kujitegemea. Walitoka na Biblia mkononi. Ajabu ni kwamba kanisa la namna hiyo halimo katika riwaya. Kabonyi anapoachana na Joshua haelekei kwenye ibada nyingine bali kwenye Kiama. Ndoto ya Muthoni inakosa mrithi. Waiyaki anapokuja kuwaza juu ya dini inayopatana na maisha ya watu, saa imekwisha kupita, na bado ni wazo tu.

Hata hivyo, ipo hoja ambayo msomaji wa leo hawezi kuikwepa, hasa baada ya sheria ya mwaka 2011 iliyopiga marufuku ukeketaji nchini Kenya: jeraha ndilo lililomwua Muthoni. Je, Joshua alikuwa na haki? Hapana. Joshua haipingi tohara kwa kuwa inaumiza. Anaipinga kwa kuwa ni dhambi. Laiti angeogopa jeraha, angemfuata mjeruhiwa. Badala yake ni Waiyaki, asiye mshirika wa kanisa lake, anayeshughulika kumfikisha hospitalini Siriana.

Baadaye Nyambura naye anatoka, kumwendea Waiyaki, na Joshua anamkana kama alivyomkana wa kwanza. Nyumbani anabaki na Miriamu, ambaye bado hasemi.