Jiwe la Kisii na Kiganja cha Mwananchi

Enyamuchera, sanamu ya Elkana Ong'esa, imo katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Heshima hiyo si haba. Hata hivyo, mkulima wa Kiogoro, aishiye katika kaunti ileile ya mchongaji, hawezi kuifikia pasipo pasi ya kusafiria. Nayo machimbo ya jiwe yako Tabaka, jina ambalo kwa msomaji wa Kiswahili lina kejeli yake.

Dai kwamba sanamu huwa ya umma pindi iwekwapo uwanjani halitoshi. Jiwe la Kisii ni laini. Husuguliwa kwa msasa na maji, kisha likapakwa nta, na aghalabu uzuri wake hutambuliwa na kiganja kabla ya jicho. Kuipandisha sanamu ya namna hiyo juu ya kikalio kirefu na kuizungushia uzio ni kumnyima kipofu kile hasa kilicho chake, ijapokuwa Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inamhakikishia njia ya kufika mahali pote. Kiogoro yahitaji sanamu ya kimo cha mtoto, ipapaswayo, yenye maelezo ya Ekegusii na Kiswahili. Ikichakaa, ipakwe nta upya.