Kujiua na Kuuawa: Maandishi ya Walionusurika wa Jonestown

Mtu atokaye katika dini iliyomtawala usiku na mchana hutoka na kitu kimoja alichokuwa amenyang'anywa, nacho ni neno "mimi". Si ajabu basi kwamba akishika kalamu hulitumia neno hilo kwa pupa. Vitabu vya namna hii vimekuwa vingi huko Marekani, hata vimejifanyia njia yao inayojulikana: kwanza mapenzi, kisha hofu, kisha kutoroka, na mwishoni nuru. Mwandishi ndiye aliyeona, na waliobaki nyuma ndio vipofu. Njia hiyo ina ukweli wake, lakini ina hila pia, maana humfanya msomaji ajidhanie kuwa yeye asingalidanganyika.

Maandishi ya watu waliotoka katika Peoples Temple, yaani Hekalu la Watu, yastahili kusomwa kwa makini kwa kuwa hayakuishia katika njia hiyo. Yalianza kama vitabu vya mtu mmoja mmoja, yakaja kuwa mazungumzo ya watu wengi; na katika safari hiyo yakapata jambo ambalo tawasifu, hata iwe nzuri namna gani, ni shida kulitoa.

Habari yenyewe ni hii. Jim Jones alianzisha kanisa lake mjini Indianapolis katika miaka ya 1950, akawaketisha weupe na weusi katika benchi moja wakati ambapo jambo hilo lilikuwa nadra na lenye hatari. Mwaka 1965 kanisa lilihamia California, likapanuka hadi San Francisco na Los Angeles. Lililisha wenye njaa na kutunza wazee. Na nyuma ya milango iliyofungwa watu walipigwa mbele ya mkutano, wakatoa mali zao, wakatia sahihi maungamo ya makosa wasiyoyafanya. Tangu 1974 wafuasi walifyeka msitu katika nchi ya Guyana ili wajenge kijiji cha usawa, kikaitwa Jonestown. Tarehe 18 Novemba 1978, mbunge Leo Ryan, aliyekwenda kuwachungulia hali zao, alipigwa risasi pamoja na wengine wanne katika kiwanja cha ndege cha Port Kaituma. Jioni ile watu 909 walikufa kijijini, karibu wote kwa sumu ya sianidi iliyotiwa katika sharubati. Kwa kuongeza wale wa kiwanjani na wanne waliokufa Georgetown, hesabu ni 918. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, na karibu thuluthi nzima walikuwa watoto.

Kitabu kilichosomwa zaidi kati ya vile vya walionusurika ni kile cha Deborah Layton, Seductive Poison, kilichotoka mwaka 1998. Layton alitoroka Mei 1978, na mwezi uliofuata akatoa kiapo cha maandishi akieleza jinsi watu walivyokuwa wakiamshwa usiku na kufanyishwa mazoezi ya kufa. Kiapo hicho hakikuokoa mtu. Ukikisoma kitabu chake ukiwa na habari hiyo, waona kwamba ni kiapo kile kile kilichorefushwa: mwandishi yungali mbele ya hakimu asiyemsikiliza, na kila ukurasa ni ushahidi. Hapo ndipo penye nguvu zake na udhaifu wake pia. Sura za kutoroka zimesukwa kama hadithi ya upelelezi, mlango huu na mlango ule, na msomaji hupelekwa mbio hata akasahau kuuliza neno. Lakini pale anapomtaja mama yake, mgonjwa wa saratani aliyeachwa kijijini bila kuagwa, mwendo hupungua, sentensi hufupika, na kitabu huacha kushtaki. Kurasa hizo ndizo zitakazodumu.

Hyacinth Thrash hakuwa na jambo la kushtaki. Alikuwa mwanamke mweusi mzee, naye alimsimulia Marian Towne habari zake, zikatoka mwaka 1995 kwa jina The Onliest One Alive, yaani yule wa pekee aliyebaki hai. Usiku ule hakwenda mkutanoni. Alilala katika nyumba yake, na asubuhi alipotoka aliwakuta wenziwe wamekufa. Jina la kitabu kwa hesabu si kweli, maana wengine walinusurika: waliokuwa Georgetown, waliokimbilia msituni, waliotumwa kazi. Lakini kwa mwanamke aliyesimama mlangoni asubuhi ile, asione mtu anayesogea, lilikuwa kweli tupu, na vyema halikusahihishwa. Dada yake Zipporah, ndiye aliyeona kwaya ya Jones katika televisheni huko Indianapolis, weusi na weupe wakiimba pamoja, akafurahi kuwa wamepata kanisa. Dada huyo alikufa Jonestown. Thrash hamlaumu, wala hafichi kwamba yeye mwenyewe aliamini Jones alimponya uvimbe wa titi. Mwandishi mwenye elimu zaidi angaliona haya kuyaacha mambo hayo mawili yaketi pamoja, uponyaji na mauaji, mkono ule ule. Bibi huyu aliyaacha, na kwa hiyo kitabu chake kidogo chamweleza Jones vizuri kuliko vitabu vingi vinene.

Slavery of Faith, kilichoandikwa na Leslie Wagner-Wilson mwaka 2009, kina lugha isiyopigwa msasa, nacho hakikuhitaji msasa. Asubuhi ya siku ile ile alitoka kijijini pamoja na watu wengine kumi, mwanawe mdogo akiwa mgongoni, wakatembea maili 30 hivi hadi Matthews Ridge. Mama yake, ndugu zake na mumewe hawakutoka. Miaka iliyofuata, ambayo wasimulizi wengine huipitisha katika sura moja, kwake ndiyo kitabu.

Mgumu zaidi kati yao wote ni Laura Johnston Kohl, naye hapendezi upesi. Siku ile alikuwa Georgetown kwa shughuli za jumuiya, ndiyo sababu ya uhai wake. Alirudi Marekani, na mwaka 1980 akaingia Synanon, jumuiya nyingine iliyokuwa imekwisha kupata sifa ya kuwabana watu wake, akakaa huko miaka kumi. Katika Jonestown Survivor, kitabu chake cha 2010, aeleza jambo hilo bila kutahayari: hakujua kuishi nje ya jumuiya, na jumuiya ile ilimweka hai. Wala haitupi ndoto ya usawa iliyompeleka kwa Jones. Msomaji aliyezoea njia ya nuru atamwona mtu asiyejifunza. Huenda ni kinyume chake. Kohl alikataa kumpa Jones umilikaji wa kila jema lililofanywa na watu wale, na huo ni ukaidi wenye maana.

Lakini vitabu hivi vyote, hata cha Thrash, vina upungufu mmoja wa asili: wasomaji wake ni wageni. Mwandishi humweleza mtu asiyekuwapo, tena mtu ambaye huenda akacheka. Wamarekani wana msemo wa kumdhihaki mtu afuataye bila kufikiri, kwamba amekunywa ile sharubati. Na aliyezika mama na wanawe anausikia msemo huo ofisini na sokoni. Anayeandika mbele ya kicheko hujitetea, na anayejitetea huchagua la kusema.

Mwaka 1998, ulipotimia mwaka wa 20, baadhi ya walionusurika walionana tena kwenye ibada ya kumbukumbu katika makaburi ya Evergreen, mjini Oakland, palipozikwa mamia ya maiti zisizotambuliwa au zisizochukuliwa na jamaa. Kohl alikuwamo, baada ya miaka 20 ya kutolizungumza jambo hilo. Haikuwa rahisi kuketi pamoja. Kulikuwako wale waliotoka mapema na kuliendea bunge na magazeti. Kulikuwako waliobaki waaminifu hadi siku ya mwisho, ambao baadhi yao waliona kuwa kelele za wale wa kwanza ndizo zilizomtia Jones wazimu. Mwaka uliofuata, Rebecca Moore, mwalimu wa elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha San Diego State, pamoja na mumewe Fielding McGehee, walianza kutoa mkusanyo wa kila mwaka uitwao the jonestown report. Moore alipoteza dada wawili Jonestown, nao si wafuasi wa kawaida bali walikuwa karibu na Jones katika uongozi. Kwa hiyo mhariri mwenyewe hakuweza kukaa upande mmoja. Katika kurasa hizo waaminifu na watoro waliandika bega kwa bega, na msomaji wa kwanza wa kila mmoja alikuwa mtu aliyekuwapo.

Jambo hilo lilibadili hata sarufi. Mabishano yao makubwa ni ya kitenzi kimoja, na mtu asomaye kwa Kiswahili huyaelewa upesi, kwa kuwa lugha yetu huonyesha waziwazi tendo lilitoka kwa nani. Magazeti ya 1978 yalichagua kujiua. Wengi wa walionusurika walisema hapana, waliuawa: walinzi wenye silaha walikuwa wamezunguka, na mtoto mchanga hajiui. Wengine wakajibu kwamba kusema hivyo kwa wote ni kuwavua watu wazima hiari yao, kana kwamba dada zao walikuwa kuku. Kati ya kujiua na kuuawa Kiswahili kina kunyweshwa, neno linalomtaka msemaji amtaje aliyeshika kikombe, na ndilo lililo sahihi kwa wale watoto. Hakuna tawasifu hata moja kati ya zile nne iliyofikia swali hilo kwa ukali kama lilivyofikiwa katika mkusanyo, mwaka hata mwaka, mtu akiandika na mwenziwe akimpinga kwa upole katika toleo la baadaye.

Wala swali hilo si la Guyana peke yake. Mwaka 2023, zaidi ya maiti 400 zilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, habari za kwanza zilikuwa za watu waliojinyima chakula ili wamwone Mungu. Uchunguzi ukaonyesha kwamba baadhi yao, wakiwamo watoto, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Kati ya kujinyima na kunyimwa kuna herufi chache tu, na kesi nzima imo ndani yake.

Mkusanyo huo una kasoro, tena si ndogo. Maandishi mengi ni dhaifu kwa upande wa fasihi: hurudia yale yale, huanza kila mara na namna mtu alivyojiunga, na matoleo mengine yasomeka kama barua za jamaa ambazo mgeni hakualikwa kuzifungua. Kasoro nzito zaidi ni ile itokanayo na wema wenyewe. Anayejua kwamba ndugu wa aliyechanganya sumu atasoma maneno yake hulainisha kalamu. Kuna maswali juu ya walinzi na wauguzi wa siku ile yanayozungukwa kama shimo njiani. Lakini si daima. Stephan Jones, mwana wa Jim Jones, aliyenusurika kwa kuwa alikuwa Georgetown na timu ya mpira wa kikapu, ameandika humo juu ya baba yake na juu ya sehemu yake mwenyewe katika utawala ule. Na waliofiwa wamemwachia nafasi ya kuandika. Insha zake ni kati ya bora za mkusanyo wote, kwa kuwa hana pa kujificha: jina lake limekwisha kusema.

Jina hilo hilo lilizua ugomvi mwaka 2011, yalipowekwa huko Evergreen mawe manne ya matale yenye majina ya wote 918. Jim Jones naye yumo kati yao, bila alama yo yote ya kumtenga. Waliofiwa wengine walikasirika mno, wakaona kuwa mwuaji amelazwa pamoja na waliouawa, na hasira yao haihitaji kuelezewa. Walioyaweka walijibu kwamba hayo ni majina ya waliokufa siku ile, basi. Akitazamwa kwa jicho la mhakiki, mwandishi wa mawe hayo amefanya yale ambayo vitabu havikuweza: ameandika majina, na hakuweka kitenzi.

Kohl alifariki mwaka 2019. Thrash alikuwa amekwisha kutangulia mwaka ule ule kitabu chake kilipotoka, kabla mkusanyo haujaanza, na hivyo hakupata kuwasoma wenziwe wala kupingwa nao.