Dunia Imeharibika: Mtendaji Aliyefichwa katika Usemi wa Kiswahili Kuhusu Tabianchi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuichukua dhana ya dunia kama dhana ya kimaadili. Dunia ni hadaa, dunia ni tambara bovu, dunia ni mti mkavu. Mwenye busara huionja kwa ncha ya ulimi na kujiandaa kuiacha. Mkondo huu una mizizi mirefu katika tenzi za pwani, na riwaya ya karne ya 20 iliurithi pamoja na majina yake: Euphrase Kezilahabi aliita riwaya yake ya 1975 Dunia Uwanja wa Fujo, naye Said Ahmed Mohamed akaiita ya 1980 Dunia Mti Mkavu. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: urithi huu unamfanyia nini msemaji wa leo anapotaka kuzungumzia dunia kwa maana nyingine kabisa, yaani sayari yenye hewa, bahari na udongo, ambayo joto lake linapanda? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuanzia mahali ambapo mhakiki hafiki mara nyingi, nayo ni mazungumzo ya kila siku kuhusu mvua na jua.

Mtu akisikiliza mazungumzo hayo, iwe sokoni, ndani ya matatu au kwenye baraza, atakutana na sentensi chache zinazorudiwarudiwa. Jua limekuwa kali. Misimu imevurugika. Mto umekauka. Dunia imeharibika. Kinachostahili kuzingatiwa hapa ni kitenzi. Vitenzi vingi katika orodha hii viko katika kauli ya kutendeka au vina maana iliyo sawa nayo, na kauli hiyo, tofauti na kauli ya kutendwa, haina nafasi ya mtendaji. Anayesema "dunia imeharibiwa" huacha mlango wazi, kwa kuwa msikilizaji anaweza kuuliza: na nani? Anayesema "imeharibika" ameufunga mlango huo kabla ya swali kufika. Mto uliokauka umekauka wenyewe; mto uliokaushwa una aliyeukausha. Mofimu moja ndiyo inayoamua kama kuna mshtakiwa au hakuna.

Istilahi rasmi hazikuliepuka tatizo hili. Zinasema "mabadiliko", nomino iliyotokana na "badilika". Nchini Kenya wengi husema "mabadiliko ya hali ya hewa", jina lenye kasoro ya wazi kwani hali ya hewa hubadilika kila alasiri na hakuna anayeitisha mkutano kwa sababu hiyo. "Tabianchi", lililoshika kwanza Tanzania na sasa linasikika Kenya pia, ni neno bora zaidi kwa kuwa linataja mwenendo wa muda mrefu. Hata hivyo lina kejeli ambayo waliolisanifu huenda hawakuikusudia. Tabia ni ya mwenye nafsi; mtoto ndiye hubadilika tabia. Neno hili linaifanya nchi kuwa mwenye tabia, na anapotajwa aliyebadilika tabia, ni ardhi inayosimama kizimbani. Wenye tabia iliyobadilika, ambao tangu karne ya 18 wamezidi kuchoma makaa ya mawe na baadaye mafuta na gesi, hawamo katika neno.

Ingekuwa kosa kuyaona hayo kuwa ni ujinga wa wasemaji. Kauli ya kutendeka ina adabu yake na ina ukweli wake. Mfugaji wa Marsabit aliyepoteza ng'ombe kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilipokosa mvua ya kutosha, hakuwa na mtu wa kumnyooshea kidole. Waliohusika wako mbali, ni wengi, na wengine wamekwisha kufa. Kusema "hali imekuwa mbaya" ni kusema kile kinachoonekana. Kuongeza kwamba ni amri ya Mungu humpa nguvu ya kuamka kesho yake, na mhakiki asiyeielewa kazi hiyo ya lugha hana haki ya kuikosoa. Tatizo linazuka sarufi hiyohiyo ya subira inapohamia katika hotuba na sera, kwa sababu huko haimfariji aliyefiwa na mifugo bali humsitiri aliyesababisha. Mnamo Aprili 2023 watafiti wa World Weather Attribution walieleza kuwa mabadiliko ya tabianchi yanayotokana na shughuli za binadamu yaliufanya ukame huo uwe na uwezekano wa kutokea mara 100 zaidi, kwa uchache. Bara zima la Afrika, lenye zaidi ya moja kwa sita ya watu wote duniani, hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya kaboni inayotokana na fueli na viwanda. Mtendaji basi anajulikana, ila sentensi haina pa kumweka.

Upande wa pili wa hoja hii unahusu ishara. Methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu imefundishwa katika shule za Kenya kwa vizazi kadhaa, na aghalabu hufafanuliwa kama methali ya tahadhari: jambo halitukii bila kutanguliwa na alama zake. Maana hiyo inasimama juu ya mkataba kati ya mbingu na mkulima. Pwani mkataba huo ulikuwa umeandikwa kwa hesabu. Mwaka wa nairuzi ulikuwa na siku 365, ukagawanywa katika miongo 36 ya siku kumikumi, na siku tano zikabaki mwishoni. Nahodha, mvuvi na mkulima walijua kusi itaanza kuvuma mwongo wa ngapi na mbegu ziingie ardhini lini. Masika, kipupwe, demani, vuli na kaskazi hayakuwa majina ya hali tu, yalikuwa ahadi. Mawingu yanapotanda juu ya Kajiado na kuondoka bila tone, kisha mvua ikaja kwa fujo kama ile ya Aprili na Mei 2024 iliyoua watu zaidi ya 200 nchini Kenya, wakiwemo waliosombwa na maji huko Mai Mahiu alfajiri ya tarehe 29 Aprili, methali haifi. Inageuka kuwa kejeli. Mzee anayeitamka leo huku akitazama mbingu haitamki kwa sauti ya mwaka 1970, na mwalimu wa fasihi simulizi anayeendelea kuifafanua kwa maelezo ya kitabu cha zamani anafundisha nusu ya maana yake. Huu ni uwanja mpana ambao wanafunzi wa uzamili hawajauingia ipasavyo.

Je, mtendaji haonekani kabisa? Huonekana, na hapo pana jambo la kushangaza. Katika mashairi ya mazingira yanayokaririwa kwenye tamasha za shule, na katika insha zinazotungwa darasani juu ya mada hiyo, kauli ya kutenda hurudi ghafla: binadamu anakata miti, anachoma makaa, analima kandokando ya mto. Anayeitwa binadamu hapa ana sura inayotambulika. Ni maskini mwenye shoka. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe haumo, ndege haimo, wala hamna mwenye kampuni. Kwa hiyo mshairi anayedhani ameuvunja ukimya amemhukumu jirani yake mwenyewe, na mwanafunzi wa Turkana anakariri jukwaani, kwa ishara za mikono, shtaka dhidi ya mamake. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za Green Belt mwaka 1977, naye alianza na miti na akina mama wa mashambani, lakini hakuishia hapo. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, na mwaka 1999 akaingia msitu wa Karura kuwakabili walionyakua ardhi. Mkata miti katika masimulizi yake ana hati miliki na walinzi. Fasihi ya Kiswahili ya shuleni bado haijamfikia.

Yafaa kurudi kwenye utenzi ulioipa lugha hii picha zake kuu za dunia. Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mnamo mwanzo wa karne ya 19, unaikabili Pate iliyoanguka: majumba yaliyong'ara kwa taa yamekaliwa na popo na ndege, na wenyewe wamo makaburini. Wahakiki wengi wameusoma kama wasia kwa moyo uachane na ulimwengu, na usomaji huo ni sahihi. Lakini Pate haikuanguka kwa sababu ya ubatili peke yake. Ilikuwa na vita, mahasimu wa jirani na biashara iliyoyumba. Mshairi aliyeishi karibu na mambo hayo aliamua kumweka mtendaji mkubwa zaidi, dunia yenyewe, mahali pa watendaji wadogo, na uamuzi huo ndio uliompa utenzi ukuu wake. Ndio pia uliowaachia warithi wake mazoea ya kuulizia maana ya maangamizi pasi na kuulizia sababu. Magofu yana mengi ya kusema katika ushairi wa Kiswahili kuliko waliobomoa.

Ni katika funguvisiwa hilohilo ambapo mambo yalikwenda kinyume. Kaunti ya Lamu, yenye sehemu kubwa kuliko zote ya mikoko ya Kenya, ilichaguliwa kuwa mahali pa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye uwezo wa megawati 1,050, huko Kwasasi. Wakaazi waliupinga kwa miaka kadhaa, na Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaifuta leseni yake, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa mtazamo wa uhakiki, uzito wa tukio hili uko katika sarufi yake. Kesi haiwezi kuendeshwa kwa kauli ya kutendeka. Lazima aweko aliyetoa leseni, aliyepewa, aliyearifiwa na asiyearifiwa. Watu wa pwani ya Al-Inkishafi walilazimika kuunda sentensi zenye watendaji, na kwa muda moshi ambao haujafuka bado ulikuwa na mwenyewe.

Katika riwaya, aliyekaribia zaidi sarufi ya namna hiyo ni Katama Mkangi, ijapokuwa Walenisi, iliyotoka mwaka 1995, husomwa kama riwaya ya siasa na si ya sayari. Dzombo anahukumiwa kifo na wenye mamlaka na kutupwa angani ndani ya chombo kinachotarajiwa kumpoteza. Badala yake anatua kwenye sayari ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Wahakiki wameusifu usawa huo, au wameutilia shaka, na kulifumbua jina: wale ni sisi. Ni vigumu sasa kuisoma riwaya hiyo bila kuona kwamba chombo kilirushwa na watu, kwa amri, na kwamba msafiri aliyefukuzwa duniani hakukuta huko mbali dunia nyingine ya kukimbilia. Alikuta nafsi ya kwanza, wingi.