Rubani Ndani ya Tope: Ndege na Askari wa Keya Katika Bonde la Kabaw

Masimulizi mengi ya vita vya Burma huitazama ndege ikiwa angani. Anayetaka kujua jinsi ilivyomfaa askari wa miguu aanzie chini, kwenye tope la Bonde la Kabaw. Huko ndiko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikopigana kuanzia Agosti 1944, ikitoka Tamu kuelekea kusini katikati ya mvua za monsuni. Wengi wa askari wake walikuwa wa King's African Rifles (KAR), maarufu kama Keya, waliotoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland.

Adui yao alichimba. Handaki la Kijapani liliezekwa magogo, likafukiwa udongo, na majani yakaachwa juu yake kama yalivyokuwa. Askari aliweza kufika hatua chache tu kutoka hapo asilione. Bomu la ratili 250 lililobebwa na ndege ya kivita ya Hurricane halikuvunja paa hilo mpaka liangukie juu yake hasa, na rubani aliyepita kwa kasi alichokiona ni msitu mtupu. Kumpa namba za ramani peke yake kulikuwa kumtuma akabahatishe, huku Keya wamelala karibu na shabaha.

Jibu lililopatikana Burma lilikuwa kumshusha rubani. Ofisa wa jeshi la anga, aliyejua mwenyewe mtu huona nini akiwa hewani, aliwekwa mbele pamoja na askari wa miguu akiwa na redio na wasaidizi wachache. Kamanda wa batalioni alimwonyesha kinachomsumbua, naye akakieleza kwa lugha ya marubani: kilima kipi, mkondo gani wa maji, upande gani wa njia. Kisha mota ikatupa kombora la moshi kwenye shabaha. Hapo muda ndio ulioamua kila kitu. Moshi ukitupwa mapema hutawanyika, tena chini ya miti mikubwa huchelewa kupenya juu, na ukitokeza huwa umeshasukumwa na upepo mbali na ulikoanzia. Ilibidi kombora lianguke ndege zikiwa tayari zimegeuka kuja.

Ndege zilishuka chini mno, ndiyo maana mabomu yakafungwa fyuzi ya sekunde 11, ili aliyeyaangusha awahi kuondoka. Milipuko iling'oa vichaka, na mara nyingi faida yake kubwa ikawa hiyo: handaki lililofichika sasa lilionekana.

Lakini ufundi ninaouheshimu kuliko wote ni ule wa kupita bila kupiga. Mjapani alikuwa mvumilivu. Mabomu yakianguka aliinama. Yakikoma, alirudi kwenye bombomu lake kabla askari wa miguu hajamaliza kupanda mteremko. Kwa hiyo marubani waliomaliza mabomu na risasi walizunguka wakashuka tena, injini zikinguruma vilevile. Aliyekuwa handakini hakuwa na njia ya kujua kwamba mruko huu ni mtupu. Dakika hizo ndizo Keya walizotumia kutambaa mpaka umbali wa guruneti. Ilitakiwa imani kubwa pande zote mbili: askari ainuke ndege ikimjia kichwani, na rubani ajianike kwenye risasi hali hana cha kujibu.

Upande wa posho haukuwa mwepesi zaidi. Njia ya kutoka Tamu iligeuka ziwa la matope, na malori yakazama. Ndege za mizigo za Dakota zikapita chini ya mawingu, kati ya vilima, zikizunguka tena na tena juu ya uwazi mdogo, kila mzunguko ukimwaga mizigo michache tu, kwani rubani akichelewa kidogo posho humwangukia adui. Nafaka ilitupwa bila mwavuli, gunia ndani ya gunia: la ndani likipasuka, la nje hubakiza chakula. Gunia hilo lilitosha kumuua aliyesimama pabaya. Risasi na dawa zilihitaji miavuli, na hariri ilikuwa haba, basi Jenerali Slim, kamanda wa Jeshi la 14 la Uingereza, na maofisa wake wakaagiza miavuli ya juti itengenezwe Calcutta. Kwa maelezo yake mwenyewe, mmoja uligharimu zaidi kidogo ya pauni 1, badala ya zaidi ya 20, nao ulifanya kazi kwa asilimia 85 ya ule wa kawaida.

Hatimaye Kalewa, mji ulio kando ya mto Chindwin, ulitekwa 2 Desemba 1944, na mafundi wa jeshi wakajenga juu ya mto huo daraja la vipande vya chuma, la Bailey, lenye urefu wa futi 1,154. Alfajiri ya 10 Desemba, Slim aliamshwa kambini kwake Imphal, India, na mngurumo wa ndege nyingi. Zilikuwa Dakota 75 za Marekani, zilizoamriwa kwenda China. Mipango ya kuvuka mto na kusonga mbele ilikuwa imehesabiwa kwa tani za ndege hizohizo, na ikabidi ianze kupigiwa hesabu upya.