Taa Zisipozimwa

Niliingia Blackfriars Playhouse, mjini Staunton, Virginia, nikiwa na dharau kidogo. Jumba la mbao lililofunguliwa 2001 kwa kuiga ukumbi wa London uliobomolewa 1655: nilidhani naenda makumbusho. Waigizaji walianza kwa kupiga gitaa na kuimba. Watazamaji wengine waliketi kwenye vigoda juu ya jukwaa lenyewe. Nikasubiri taa zizimwe. Hazikuzimwa.

Hiyo ndiyo desturi ya American Shakespeare Center. Wanasema enzi za Shakespeare mwigizaji na mtazamaji walikuwa kwenye mwanga mmoja, basi iwe hivyo hata leo. (Mwanga wenyewe ni wa umeme, tusidanganyane.) Mengine ya kale wameyaacha. London ile wavulana ndio walioigiza wanawake. Hapa Portia ni mwanamke. Na mchezo niliokwenda kuutazama, The Merchant of Venice, uliandikwa miaka ya 1590, kabla kampuni ya Shakespeare haijauchukua ukumbi wa Blackfriars 1608. Kwa hiyo huu uhalisi wa kihistoria ni suala la kuchagua, na wao wamechagua mwanga.

Mimi mchezo huu niliujua kwanza kwa Kiswahili cha Nyerere, Mabepari wa Venisi. Shuleni tulibishana juu ya Shailoki na deni lake mpaka kengele ikalia. Mwanamfalme wa Moroko tulimpita haraka: anakuja kuposa, anachagua kasha la dhahabu, anakosa, anakwenda zake. Akishaondoka, Portia anaomba kila mwenye rangi kama ya huyo achague vivyo hivyo.

Watu wachache walicheka. Gizani ningesikia kicheko tu. Pale niliwaona wanaocheka. Mama mmoja wa makamo, upande wa pili wa ukumbi, alikuwa katikati ya kicheko macho yetu yalipokutana. Kikamfia mdomoni. Akainamia karatasi yake ya programu, nami nikaangalia viatu vyangu, kana kwamba mwenye kosa ni mimi. Portia hakuharakisha kutoka. Alisimama akatutazama sote, na kwangu huo ndio uigizaji bora wa usiku ule: hakutusaidia.

Wapo waongozaji wanaoufuta mstari ule. Nawaelewa, ila wanampa Portia usafi ambao mwandishi hakumpa. Alipofika mahakamani kumhubiria Shailoki huruma, kwa ufasaha wote ule, bado nilikuwa nikiisikia dua yake ya awali. Shailoki alipolazimishwa kubadili dini hakuna aliyecheka. Nilitazama ng'ambo. Yule mama hakuwa ameinamia programu tena. Alikuwa ananitazama, na safari hii hakuna aliyekwepesha macho.

Wakati wa kutoka alinishikia mlango. Tukaitikiana kwa kichwa tu.